Vijana wa Uganda na hatari za sigara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka kwa walimu, wahudumu wa afya wa vijijini, viongozi wa vijana na wavutaji wenyewe. Wanaoyauliza wanatoka Arua hadi Kisoro, na wengine wako kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali, ambako Kiswahili ndicho lugha ya kila siku kwa watu wengi waliotoka Kongo.

Kwani kuna kijana asiyejua kwamba sigara inadhuru?

Ni wachache mno. Muulize mwendesha bodaboda wa Kabalagala, mvuvi wa Ziwa Albert au mkulima wa Maracha, wote watakwambia sigara inaharibu mapafu. Tofauti inaanzia kwenye maswali yanayofuata. Inamdhuru nani? Kuanzia sigara ngapi kwa siku? Baada ya miaka mingapi? Ugoro nao umo? Na shisha je? Hapo majibu yanaachana, na kinachoyaachanisha ni kazi wanazofanya watu, hali ya hewa, namna tumbaku inavyouzwa, na wazee wanaoonekana nyumbani wakivuta bila kuanguka. Mtafiti akiishia kwenye swali la kwanza atarudi ofisini na ripoti nzuri kwamba karibu kila mtu ameelimika. Kisha atashangaa kwa nini vibanda bado vinauza.

Takwimu zinasema nini kuhusu nani anatumia tumbaku?

Utafiti wa kitaifa wa 2013 uliohusu watu wa miaka 15 na zaidi ulikuta asilimia 7.9 wanatumia tumbaku ya aina yoyote: wanaume asilimia 11.6, wanawake asilimia 4.6. Wanaovuta tumbaku walikuwa asilimia 5.8: wanaume 10.3 na wanawake 1.8.

Tazama hizo namba za wanawake. Kati ya 4.6 na 1.8 kuna pengo la 2.8, yaani zaidi ya nusu ya wanawake wanaotumia tumbaku hawavuti kabisa. Wananusa au wanatafuna. Ukipita nyumba kwa nyumba ukiuliza "unavuta?", wengi wao watajibu "hapana", na watakuwa wamesema kweli. Kosa ni la swali.

Kimkoa, matumizi yako juu zaidi kaskazini, Karamoja ikiwemo, kuliko mkoa wa Kati. Ila "Kaskazini" ni neno pana mno. West Nile, Acholi, Lango na Karamoja hazifanani kwa kilimo, dini wala aina ya tumbaku, na wastani wao unaficha mambo kuliko unavyoyaonyesha.

Kwa nini ujumbe wa "tumbaku inaua" hauingii West Nile?

Kwa sababu kwa kijana wa Maracha, Koboko au Terego, tumbaku ni zao kabla ya kuwa kitu cha kuvuta. Ndiyo iliyomlipia ada ya shule. Ukisimama mbele yake ukasema tumbaku ni sumu, anasikia unamshtaki baba yake. Atanyamaza kwa heshima, na somo litaishia hapo. Hali kama hiyo iko pia Bunyoro na sehemu za Kanungu na Rukungiri ambako tumbaku imelimwa kwa miaka mingi.

Anza na kitu anachokijua mwilini mwake. Wakati wa kuvuna, mtu akishika majani mabichi yenye umande, nikotini huyeyuka kwenye maji yale na kupenya kwenye ngozi. Baada ya saa chache anapata kichefuchefu, kutapika, kichwa kuuma, kizunguzungu, wakati mwingine moyo kwenda mbio. Wengi hudhani ni malaria na kumeza dawa ya malaria. Kesho yake au keshokutwa wanapata nafuu, wanaisifu dawa, wanarudi shambani, mzunguko unaanza upya. Kinachosaidia ni kusubiri umande ukauke, kuvaa shati la mikono mirefu na glavu zisizopitisha maji, kubadilisha nguo zikilowa, na kunawa kwa sabuni mara tu baada ya kazi. Mtoto asishike majani hayo kabisa, kwa kuwa mwili mdogo unalemewa na kiasi kidogo zaidi.

Kijana akishaelewa kwamba jani lilelile lilimtapisha bila hata kuwashwa, mazungumzo ya sigara yanakuwa mepesi. Halafu mwulize kuhusu kuni za kukaushia na miti iliyobaki kijijini kwao. Hapo atazungumza yeye, wewe utasikiliza.

Ugoro na tumbaku ya kutafuna si salama kuliko sigara? Havina moshi.

Swali hili linatoka zaidi Karamoja, na pia kwa wanawake wa umri mkubwa kila pembe ya nchi. Ni kweli kwamba mapafu yanaepushwa na moshi. Lakini tumbaku isiyo na moshi inasababisha saratani ya kinywa, ya umio na ya kongosho, na uraibu wake ni uleule.

Tazama inavyotengenezwa: tumbaku husagwa, kisha huchanganywa na magadi au majivu. Mchanganyiko huo si kwa ajili ya ladha tu. Magadi hubadilisha nikotini ikawa katika hali inayopenya haraka kwenye utando wa pua na wa mdomo, kwa hiyo ugoro uliotiwa magadi mengi hukamata mtu upesi zaidi. Dalili za kuangalia ni doa jeupe au jekundu ndani ya shavu au chini ya ulimi, kidonda kisichopona ndani ya wiki tatu, na fizi zinazorudi nyuma pale anapoiweka tumbaku. Mwenye dalili hizo apelekwe kwa daktari wa meno au hospitali, asingoje maumivu. Saratani ya kinywa mwanzoni mara nyingi haiumi.

Kwa kijana wa Karamoja kuna jambo jingine. Tumbaku hupewa wazee kama alama ya heshima, na hakuna mzee atakayekubali kuambiwa na kijana aliyeshuka kwenye pikipiki kwamba heshima hiyo ni ugonjwa. Usimpinge. Sema naye kuhusu kidonda cha mdomoni, mwombe afungue kinywa, mwangalie. Mwanzo huo unampa heshima yake na unakupa nafasi ya kuona kilichomo.

Huku kwetu Kabale kuna baridi. Sigara haileti joto?

Hailetei mwili joto. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, damu inayofika vidoleni inapungua, na ngozi inapoa. Anachohisi mvutaji ni moshi wa moto kinywani na utulivu wa arosto, yaani hamu kali ya nikotini, iliyokatwa. Wavuvi wa usiku na walinzi huamini hivyohivyo, na ukitaka kuwaonyesha bila mabishano, wape kipimajoto cha kawaida wakishike kwa ncha za vidole kabla ya kuvuta na dakika kumi baada ya kuvuta. Kwa watu wengi namba inashuka.

Shisha ina maji, maji si yanachuja?

Hayachuji kiasi cha kumlinda mtu. Maji hupoza moshi, na moshi uliopoa hauwashi koo, kwa hiyo mtu anavuta pumzi ndefu na kwa muda mrefu. Sigara moja huisha kwa dakika chache, shisha inaweza kuchukua saa nzima, na kiasi cha moshi kinachoingia kinaweza kuwa mara 100 au zaidi ya cha sigara moja. Juu yake kuna mkaa unaotoa kaboni monoksidi. Ndiyo maana mtu anaweza kuinuka mezani akayumba, akadhani ni pombe. Mrija unaopokezana mezani nao hubeba vimelea vya kifua kikuu na vya magonjwa mengine.

Mvutaji wa shisha wa Kampala mara nyingi amesoma, ana simu nzuri, na anajihesabu kuwa si mvutaji. Kwake mvutaji ni yule mzee wa kijijini mwenye msokoto. Kwa hiyo elimu peke yake haitabiri mtu anaionaje hatari. Inategemea anajiona yuko upande gani.

Na ukumbuke: sheria ya 2015 imepiga marufuku shisha, sigara za umeme, na tumbaku isiyo na moshi pia, ikiwemo ile pakiti ndogo ya kuber iliyokuwa ikiuzwa kana kwamba ni kiburudisho cha mdomo.

Navuta moja tu kwa siku, jioni. Hiyo nayo ni hatari?

Ndiyo, na hapa ndipo akili za watu zinadanganywa na hesabu. Tunadhani sigara moja ina hatari ya ishirini kugawanya kwa ishirini. Kwa saratani ya mapafu, wingi na miaka vina uzito mkubwa. Kwa moyo sivyo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2018 ulikuta kwamba anayevuta moja kwa siku anabeba karibu nusu ya ongezeko la hatari ya ugonjwa wa moyo alilonalo anayevuta ishirini. Kiasi kidogo tu cha moshi kinatosha kuifanya damu igande kwa urahisi na kuta za mishipa zikakamae.

Imani ya "moja haina neno" imeenea zaidi pale sigara zinapouzwa mojamoja. Kwenye vibanda vingi vya mitaani utaona pakiti imefunguliwa, muuzaji anatoa kipande kimoja, na kiberiti cha gesi kimening'inizwa kwa kamba pembeni ya dirisha. Mteja analipa, anawasha, anaondoka. Pakiti yenyewe, iliyo na onyo la picha linalotakiwa kufunika asilimia 65 ya pande zake kubwa, inabaki ndani ya kibanda. Serikali imechapisha onyo, lakini anayelihitaji halioni. Sheria inakataza uuzaji huu wa mojamoja. Pale isipofuatwa, usitegemee picha za pakiti katika kampeni yako. Peleka picha hizo mwenyewe.

Vijana wengi husema wataacha wakioa. Kuna ubaya?

Ubaya ni kwamba wanakadiria vibaya uraibu kuliko wanavyokadiria vibaya saratani. Kijana wa miaka 20 anaweza kukubali bila ubishi kwamba mvutaji wa muda mrefu hufa mapema. Anachokataa ni kwamba yeye atakuwa mvutaji wa muda mrefu. Nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache baada ya pumzi, na anayevuta mara kumi kila sigara, sigara kumi kwa siku, anaufundisha ubongo wake mara 100 kila siku. Harusi haifuti mafunzo hayo.

Habari njema ni kwamba muda unahesabika. Utafiti uliowafuatilia madaktari wanaume wa Uingereza tangu 1951 kwa miaka 50 ulionyesha kwamba wavutaji wa maisha yote walipoteza wastani wa miaka 10 hivi. Walioacha wakiwa na miaka 60 walirudisha kama 3, wa 50 walirudisha 6, wa 40 walirudisha 9, na wa 30 karibu yote. Kwa kijana wa miaka 22 namba hizo zina nguvu kuliko picha ya pafu jeusi. Picha inamwambia amekwisha, namba zinamwambia bado ana nafasi.

Sigara inahusianaje na kifua kikuu na virusi vya UKIMWI?

Kuvuta huongeza karibu maradufu uwezekano wa kuugua kifua kikuu, na huongeza uwezekano wa kurudiwa baada ya kupona. Kwa anayeishi na VVU na anameza dawa vizuri, sigara inaweza kumnyang'anya miaka mingi kuliko virusi vyenyewe. Kwenye kliniki za ARV swali la sigara linapaswa kuulizwa kila mgonjwa anapokuja. Ni dakika tatu hadi tano.

Nina miaka 19. Sheria inaniruhusu kununua?

Hapana. Umri wa chini Uganda ni miaka 21, wakati Kenya ni 18, jambo linalowachanganya watu wa Busia na Malaba. Sheria ilianza kutumika Mei 2016. Inakataza pia kuvuta ndani ya maeneo ya umma, sehemu za kazi na vyombo vya usafiri, na ndani ya mita 50 kutoka maeneo ya umma. Kampuni kubwa ya sigara iliipinga mahakamani, na Mahakama ya Katiba ikalitupa shauri hilo mwaka 2019.

Tunataka kupima mitazamo ya vijana katika wilaya mbili. Tuanzie wapi?

Anzeni na kibali. Utafiti unaohusu watu unahitaji kupitishwa na kamati ya maadili ya utafiti na kusajiliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Kisha mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) wa kila kijiji aonwe kabla ya mtu yeyote kubisha mlango. Ukiruka hatua hiyo, kijiji kizima kitakufungia milango.

Idadi. Ili kujua asilimia kwa kosa lisilozidi pointi 5 juu au chini, mnahitaji watu 385 kwa hesabu ya kawaida. Lakini watu wa kijiji kimoja hufanana, kwa hiyo zidisheni mara mbili: 770. Vijiji 30 vyenye vijana 26 kila kimoja vinatoa 780. Na hiyo ni kwa kila wilaya, si kwa zote mbili pamoja. Kosa tunaloliona zaidi ya yote ni kuchukua watu 400, kuwagawa kwenye mikoa minne, halafu kutangaza kwamba mkoa fulani "unaelewa zaidi" kwa tofauti ya pointi 6. Kwa watu 100 kila upande, tofauti hiyo inaweza kuwa bahati tu.

Nani anapatikana. Mchana vijana wa kiume hawako nyumbani: wako steji za bodaboda, ziwani, machimboni. Mkihoji waliopo mtapata wanafunzi, akina mama wachanga na wagonjwa. Rudini jioni, hadi mara tatu, kabla ya kumbadilisha mtu. Msiwakusanye kwenye kituo cha biashara, maana pale mtapata wavutaji wengi kuliko walivyo.

Maswali. Msiulize "je, unakubali kwamba sigara ni hatari?" kwa sababu swali limeshajijibu. Mpeni mtu mbegu 10 za maharage na mwambieni: hawa ni vijana 10 wanaovuta kila siku na hawataacha. Tenga wale unaofikiri wataondolewa duniani na sigara. Jibu la kitaalamu ni hadi nusu. Kisha ulizeni: kama wewe ungevuta hivyo, ungekuwa kundi gani? Pengo kati ya majibu hayo mawili ndilo mnalolitafuta. Mbegu zinafaa kuliko asilimia, maana hata aliyemaliza S.4 (kidato cha nne) huweza kusema "asilimia 50" akimaanisha tu kwamba hajui.

Rudieni zoezi hilo kwa sigara moja kwa siku, kwa ugoro na kwa shisha, kila kimoja peke yake, mkionyesha picha ya bidhaa. Majina hubadilika kila wilaya, picha haibadiliki. Mhoji awe wa jinsia moja na anayehojiwa, na wakae mbali na masikio ya wazazi. Msichana hatakiri kunusa ugoro mbele ya mama mkwe.

Jaribuni dodoso kwa watu 20 hadi 30 nje ya vijiji vyenu kabla ya kuanza. Mwisho, kabla ya kulinganisha wilaya, linganisheni vijana wa umri, jinsia na elimu inayofanana. Wilaya yenye mji mkubwa ina vijana wengi waliosoma, na tofauti mnayoiita ya kimkoa inaweza kuwa ya shule tu.

Nataka kuacha. Hatua ni zipi?

Chagua siku ndani ya wiki mbili zijazo, isiwe siku ya harusi wala mechi kubwa. Kwa siku tatu kabla yake, andika kila sigara: saa ngapi, uko wapi, na nani. Utaona nyingi zinakuja na chai, pombe au kusubiri abiria. Hizo ndizo za kupangia mbadala. Siku yenyewe ikifika, tupa sigara zote na kiberiti cha gesi, na waambie wenzako wa steji wasikupe hata ukiomba.

Arosto ni kali zaidi siku tatu za kwanza na hulegea ndani ya wiki mbili hadi nne. Kila hamu moja moja hudumu dakika chache tu: kunywa maji, tembea, tafuna muwa au karanga.

Ukipata bazoka ya nikotini kwenye duka la dawa lenye leseni, chukua ya miligramu 4 kama huwa unawasha ya kwanza ndani ya dakika 30 baada ya kuamka, vinginevyo ya miligramu 2. Wengi huitafuna kama bazoka ya kawaida, wanapata kwikwi na kiungulia, kisha wanasema haifai. Itafune polepole hadi usikie ukali kama wa pilipili, ibane kati ya shavu na fizi mpaka ukali uishe, rudia kwa nusu saa. Usinywe soda, kahawa wala juisi dakika 15 kabla, maana asidi huzuia nikotini kupenya. Tumia moja kila saa moja au mbili kwa wiki sita za kwanza, zisizidi 24 kwa siku, kisha punguza hadi wiki ya kumi na mbili.

Mwenye ujauzito, ugonjwa wa moyo, au anayetumia dawa za magonjwa ya akili amwone daktari kwanza. Baadhi ya dawa hizo hupanda kiwango chake mwilini mtu anapoacha kuvuta, na dozi huhitaji kupunguzwa. Vitengo vya afya ya akili vya hospitali za rufaa za mikoa, na hospitali ya Butabika kwa walio karibu na Kampala, hushughulikia uraibu.

Niliacha mwezi mzima, nikavuta moja kwenye msiba. Nimerudi mwanzo?

Hujarudi, ila saa 24 zinazofuata ndizo zenye hatari. Usinunue nyingine, usibaki na waliokupa, na kama una bazoka, itumie leo hata kama ulikuwa umeipunguza. Msiba unaofuata, kaa upande wa wasiovuta.